Kategoria za ukaguzi kwenye sistimu ya mali: zipange kwa kinachofuata, sio kwa jina la kifaa

Wengi tukipewa sistimu mpya ya kusimamia mali tunaingia moja kwa moja kwenye setingi, tunatafuta palipoandikwa kategoria za ukaguzi, tunaanza kujaza: Magari, Majenereta, Ngazi, Kompyuta, Mitungi ya moto, Viyoyozi, nusu saa umemaliza na unaona kazi imeenda. Kumbe ulichofanya ni kuiandika upya orodha ya aina za vifaa ambayo tayari ipo kwenye sistimu hiyo hiyo, menyu ya jirani tu hapo.

Aina ya kifaa inajibu swali moja, hiki ni kitu gani. Kategoria ya ukaguzi inajibu swali lingine kabisa, tunakiangalia kwa ajili gani na kikikutwa kibovu nani anafanya nini. Ukiyachanganya haya mawili mwanzoni, kila utakachojenga juu yake, fomu, ratiba, ripoti, ruhusa, kitakuja kimepinda, na kukinyoosha baadae ni kazi ya wiki nzima nzima, naongea hivi kwa sababu nimeifanya.

Chukua foklifti moja, ile mashine ya kunyanyulia mizigo stoo. Asubuhi opereta anaizunguka kabla hajapanda, anaangalia tairi, uma, mnyororo, kama kuna mafuta yanavuja chini, anajaribu breki na honi. Marekani hii ni sheria kabisa, OSHA, mamlaka yao ya usalama kazini, wanataka iangaliwe kila siku kabla haijatumika, na kama inafanya kazi usiku na mchana basi iangaliwe kila baada ya shifti. Halafu kuna fundi anayeifanyia sevisi kwa kufuata mita ya masaa. Halafu kuna mtaalamu anayekuja kupima kama mfumo wake wa kunyanyua bado uko salama, Uingereza kanuni za LOLER za 1998 zinadai uchunguzi huo angalau kila miezi 12 kwa vifaa vya kunyanyulia mizigo, na kila miezi 6 kwa vile vinavyonyanyua watu na kwa vishikizo vya kunyanyulia kama minyororo na slingi. Hizo ni kaguzi tatu, watu watatu tofauti, fomu tatu, na matokeo yake hayafanani hata kidogo. Sasa kama wewe kategoria yako inaitwa "Foklifti", ripoti itakwambia "Foklifti namba 3 imekaguliwa tarehe 12" na unabaki unajiuliza imekaguliwa na nani, kwa lipi? Opereta kapiga honi au mtaalamu kapima uma kwa kipimo?

Niliwahi kurithi sistimu yenye kategoria zaidi ya sitini. Kulikuwa na "Ukaguzi wa Mwezi", "ukaguzi wa mwezi", "Ukaguzi Mwezi" na "Kila mwezi", zote nne zinatumika, kila tawi na ya kwake. Kulikuwa na "Nyingine" ambayo ndio ilikuwa na rekodi nyingi kuliko zote, maana mtu akiwa na haraka hatafuti, anabonyeza ya mwisho. Siku mkaguzi wa bima alipouliza mitungi ya kuzimia moto ilikaguliwa lini, jibu lilituchukua siku mbili, na data ilikuwemo humo humo ndani muda wote.

Kabla hujagusa kompyuta

Chukua karatasi, chora safu nne. Ya kwanza nani anakagua. Ya pili nini kinaanzisha huo ukaguzi, yaani tarehe, masaa ya mashine, au tukio. Ya tatu jibu linakuja kwa sura gani, tiki, namba, daraja, au cheti cha mtu wa nje. Ya nne, na hii ndio mama yao, kikikutwa kibovu nini kinatokea ndani ya saa moja ijayo.

Afu toka ofisini. Nenda kaongee na mafundi na maopereta na mtu wa stoo, waulize wanaangalia nini kwa sasa hata kama hakijaandikwa popote, kwa sababu utakuta kuna kaguzi zinafanyika kichwani mwa mtu mmoja miaka na miaka na siku akiondoka zinaondoka naye. Andika kila ukaguzi mstari mmoja. Ukirudi, linganisha mistari: ile iliyofanana safu zote nne hiyo ni kategoria moja, hata kama moja inahusu pampu na nyingine feni. Iliyotofautiana kwenye safu ya nne itenganishe, hata kama ni kifaa kile kile.

Sehemu nyingi nilizofanya hili zoezi zinaishia kwenye kategoria tano mpaka nane. Kwangu mimi huwa zinatoka hivi:

- Kabla ya kutumia: anayekitumia mwenyewe ndio anakagua, dakika chache, kibovu hakiwashwi.
- Kuangalia hali: fundi, kwa ratiba, jibu ni vipimo na daraja, kibovu kinafunguliwa oda ya kazi.
- Ya kisheria: mtu mwenye sifa zinazotambulika, cheti, kikifeli au muda ukipita kifaa kinasimamishwa.
- Makabidhiano: kinapotoka na kinaporudi, picha, tofauti ikionekana anaulizwa aliyekipokea.
- Kuthibitisha uwepo: kipo, kipo wapi, lebo inasomeka, kisipoonekana inaanza taratibu ya upotevu.
- Baada ya tukio: kimeanguka, kimegongwa, kimeingia maji, hakirudi kazini mpaka mtu aidhinishe.

Za kwako zinaweza kuwa tofauti, sio lazima uzikopi hizi. Ila ukijikuta umefika 20 simama ujiulize, nakuhakikishia umerudi kuandika aina za vifaa.

"Kuthibitisha uwepo" watu wengi wanaiunganisha na "Kuangalia hali" ili kuokoa safari. Mi nashauri usifanye hivyo. Anayehesabu mali ana karatasi ya vifaa 400 na jioni inamkimbilia, hana utaalamu wa kukwambia motoa inavuma vibaya au la, ukimlazimisha ajaze daraja la hali atajaza "nzuri" kwa vyote 400 na wewe utakuwa na data ya hali ambayo ni uongo mtupu, mbaya zaidi itakuwa imekaa juu ya ile ya ukweli aliyoandika fundi wiki iliyopita.

Majina

Jina liseme kazi inayofanyika basi. Usiweke muda ndani ya jina, "Ukaguzi wa Mwezi" siku ukiamua uwe wa miezi mitatu utakuwa na kategoria inayoitwa ya mwezi na haifanyiki kila mwezi, na huwezi kubadilisha jina kirahisi maana ripoti za zamani zitasomeka vibaya. Muda unakaa kwenye ratiba. Usiweke jina la tawi, lina fildi yake. Usiweke jina la mtu. Na weka kifupi cha herufi mbili tatu mbele kama sistimu inaruhusu, mfano KT kwa kabla ya kutumia, KS kwa ya kisheria, itakusaidia sana kwenye Excel ukishatoa data nje.

Kwenye maelezo ya kategoria, ile boksi ambayo kila mtu anaiacha tupu, andika sentensi mbili: hii itumike lini, na isitumike lini. Hiyo ya pili ndio inazuia ugomvi. "Isitumike kwa kifaa kilichopata ajali, tumia Baada ya tukio." Mtu mpya akiingia haulizi mtu.

Kuingiza kwenye sistimu

Kila programu ina menyu yake, nyingine inaita Setingi, nyingine Usanidi, nyingine imeficha kwa admini, ila mpangilio wa ndani unafanana. Fuata huu mtiririko kwa sababu kila hatua inategemea iliyopita: kwanza aina za vifaa ziwe safi, pili hali za kifaa (kinatumika, kimesimamishwa, kiko matengenezo, kimeondolewa), tatu majukumu ya watu, nne fomu, ndio kategoria, na ratiba mwisho kabisa. Ukianza na kategoria utakuta inakudai fomu ambayo hujaitengeneza, utaweka fomu ya muda, na hiyo ya muda itakaa hapo miaka.

Kwenye kategoria yenyewe utajaza jina, kifupi, maelezo, inahusu aina zipi za vifaa, inatumia fomu ipi, nani anaruhusiwa kuifanya, matokeo yapi yanakubalika, na nini kitokee kwa kila tokeo. Kama kuna sehemu ya kulazimisha ushahidi, picha au saini, iwashe kwa zile zinazohitaji tu. Ukilazimisha picha kila mahali utapata picha za sakafu.

Matokeo ndio panapobeba uzito

Sistimu nyingi zinakuja na mawili, imepita na imefeli. Hayatoshi. Fundi akikuta mkanda wa pampu umeanza kuchanika pembeni lakini bado unavuta vizuri, akiandika imepita anadanganya, akiandika imefeli pampu inazimwa na kazi inasimama kwa ajili ya mkanda ambao ungeweza kusubiri mpaka Ijumaa. Sasa yeye atafanya nini, ataandika imepita, na ataweka neno kwenye maoni ambayo hakuna anayeyasoma.

Weka manne: Sawa. Sawa, ifuatiliwe. Mbovu, ipangiwe. Mbovu, isimamishwe. Kila moja ina kinachofuata cha kwake, ya kwanza hakuna, ya pili inaingia kwenye orodha ya kuangaliwa upya ndani ya siku ulizoweka, ya tatu inafungua oda ya kazi, ya nne inafungua oda na papo hapo inabadilisha hali ya kifaa iwe kimesimamishwa. Kategoria ya kabla ya kutumia ipe mbili tu, sawa na isimamishwe, opereta saa 12 asubuhi hatakiwi kufikiria madaraja.

Na ongeza la tano ambalo sio tokeo la kifaa ila ni la safari: Hakikufikiwa. Chumba kimefungwa, gari limesafiri, mashine iko juu na hamna ngazi. Hili litenganishe kabisa na "Haihusiki", maana haihusiki ni kwamba swali halina maana kwa kifaa hicho, hakikufikiwa ni kwamba swali lina maana na hatujui jibu. Sistimu ikikuruhusu, lazimisha sababu, na hakikisha tarehe ya ukaguzi unaofuata HAISOGEI kifaa kikiwa hakikufikiwa. Hii ijaribu mwenyewe kwa kifaa kimoja, nimeona sistimu zinazohesabu "hakikufikiwa" kama ukaguzi umefanyika, na kifaa kinakaa mwaka mzima na rangi ya kijani kwenye dashibodi bila mtu kukiona kwa macho.

Fomu, na mtungi wa moto kama mfano

Fikiria anayejaza. Yuko kwenye chumba cha jenereta, mwanga hafifu, mkono mmoja umeshika tochi, vidole vina mafuta, simu haishiki mguso vizuri. Ukimpa maswali 38 atayajibu manane ya kwanza kwa uaminifu na yaliyobaki ataenda kuyamalizia kwenye kiti. Mimi naanza na maswali yasiyozidi kumi kwa ukaguzi wa macho, naongeza pale tu ambapo kuna sababu.

Swali moja kitu kimoja, kinachoonekana. "Je jenereta iko katika hali nzuri?" sio swali, ni maoni. "Kiwango cha mafuta ya injini kiko kati ya alama mbili za kijiti?" hilo ni swali. Pakiwa na namba weka namba na mipaka yake ili sistimu yenyewe iseme imezidi, volti za betri, joto, presha, usimwachie mtu akumbuke kichwani kikomo ni ngapi.

Sasa mtungi wa kuzimia moto, kwa sababu unaonesha vizuri aina ya kifaa na kategoria zinavyokutana. NFPA 10, kiwango cha Marekani cha mitungi ya kuzimia moto, kinataka uangaliwe kila mwezi: upo mahali pake, haujazibwa na maboksi, unaonekana, sili na pini havijaguswa, geji iko kwenye eneo la kijani, hauna kutu wala kubonyea. Sawa, unaandika fomu, unaweka swali "Mshale wa geji uko kijani?" na unalifanya la lazima. Siku ya kwanza mkaguzi anafika kwenye mtungi wa kaboni dayoksaidi, anatafuta geji, hamna. Mitungi ya CO2 haina geji ya presha, ujazo wake unajulikana kwa uzito. Sistimu haimruhusu kuendelea bila jibu, kwa hiyo anabonyeza ndiyo, na hapo umeshamfundisha kwamba fomu yako inataka ndiyo, sio ukweli.

Dawa yake sio kutengeneza kategoria mpya ya "Mitungi ya CO2". Kategoria inabaki ile ile ya kuangalia hali, ila fomu inakuwa na swali linalojitokeza kufuatana na aina ya kifaa: ya poda inaulizwa geji, ya CO2 inaulizwa uzito. Kama sistimu yako haina maswali ya masharti, tengeneza fomu mbili chini ya kategoria moja. Na vipimo vya muda mrefu ni hivyo hivyo, kwa NFPA 10 mtungi wa CO2 unapimwa kwa presha ya maji kila miaka 5, wa poda kavu wenye presha ndani yake kila miaka 12, na huo wa poda unafunguliwa kuchunguzwa ndani kila miaka 6. Namba hizo zinakaa kwenye ratiba ya aina ya kifaa, kategoria yake ni ya kisheria. Kama uliko mnafuata kiwango kingine weka namba za huko, mpangilio haubadiliki.

Ratiba

Kuna kitu kidogo kwenye ratiba ambacho wengi hawakioni, kale ka-swichi kanakouliza tarehe ijayo ihesabiwe kutoka tarehe iliyopangwa au kutoka siku ukaguzi ulipofanyika. Tuseme ukaguzi ni wa kila siku 30 na watu wako wanachelewa siku 9 kila mara. Ukihesabu kutoka siku ulipofanyika, kila mzunguko unakuwa siku 39, mwaka unaisha na kaguzi 9 badala ya 12, na sistimu haitalalamika kwa sababu kila mara inajipanga upya. Kwa hiyo za kuzunguka kwa macho funga kwenye tarehe iliyopangwa. Za sevisi kwa masaa ni kinyume chake, hesabu kutoka ilipofanyika, oili inaanza kuzeeka siku ilipomwagwa mpya sio siku uliyopanga.

Za kisheria weka onyo mapema, mimi naweka siku 60, 30 na 7, kwa sababu mtaalamu wa nje hapatikani kesho yake.

Muda wenyewe uwe mara ngapi? Kama sheria imesema, fuata sheria. Kama haijasema, usiseme "kila mwezi" kwa sababu mwezi ni namba rahisi. Nowlan na Heap, wa shirika la ndege la United Airlines, kwenye ripoti yao ya 1978 kuhusu matengenezo ya ndege za abiria walitenganisha hitilafu inayoanza kujionyesha na kifaa kushindwa kabisa, na ukaguzi unaishi katikati ya hivyo viwili. Kama fundi wako mzoefu anasema beringi hii ikianza kulia inachukua kama wiki 8 mpaka ikatike, basi ukaguzi wa kila wiki 10 unaweza kuipita kabisa bila kuisikia hata mara moja. Kanuni inayotumika sana ni nusu ya muda huo, wiki 4, ili ukikosa mara moja bado unayo nafasi. Na kitu kinachokufa ghafla bila dalili yoyote, kukikagua kila wiki hakukusaidii, tunza spea.

Kikifeli

Hapa nitakaa kidogo. Kulikuwa na ngazi ya alumini, ya hatua nane, hatua ya tano ilikuwa na ufa pembeni kwenye ribiti. Mkaguzi aliuona. Akaandika mbovu, akapiga picha, picha nzuri tu inaonesha ufa wazi kabisa. Mwezi uliofuata akaandika tena mbovu, picha tena. Mwezi wa tatu pia. Wiki mbili baada ya hapo fundi wetu alipanda ile ngazi, hatua ikaachia, akaanguka akavunjika mkono.

Ukaguzi ulifanyika vizuri mara zote tatu. Tulipofungua sistimu tukakuta kategoria ilikuwa imewekwa itume notifikesheni kwa barua pepe ya msimamizi ambaye alishaondoka kazini, miezi mitano nyuma. Hali ya kifaa haikubadilika kwa sababu hakuna aliyeweka ibadilike. Ngazi ilibaki "inatumika" na yeyote aliyeiskani aliona kijani. Mimi ndio nilikuwa admini wa ile sistimu. Tangu hapo siwezi kusevu kategoria bila kupita haya, na nakuomba na wewe uyapite.

Notifikesheni iende kwa jukumu, sio kwa mtu, yaani "msimamizi wa zamu" na sio jina la fulani, na jukumu hilo liwe na angalau watu wawili. Tokeo la isimamishwe libadilishe hali ya kifaa lenyewe, bila kusubiri mtu asome meseji. Oda ya kazi ifunguke yenyewe ikiwa na picha ile ile ya mkaguzi ndani. Kama hakuna aliyeipokea ndani ya saa ulizoweka ipande kwa mkubwa wake. Na kifaa kisirudi kwenye "kinatumika" kwa sababu oda imefungwa, kirudi kwa sababu kimekaguliwa upya kikapita, maana kufunga oda ni karatasi na kukagua ni macho.

Ukishaweka hayo jaribu kwa mkono. Tengeneza kifaa cha majaribio, kiite JARIBIO NGAZI, kifelishe kwa kila tokeo, kaa uangalie: meseji imefika kwa nani, baada ya dakika ngapi, hali imebadilika, ukiskani lebo yake unaona nini. Rudia hilo zoezi kila mtu wa kwenye jukumu akibadilika.

Halafu kuna tatizo la upande wa pili, kifaa kimoja kina kasoro moja inayojulikana na kila ukaguzi unafungua oda mpya, unakuta oda sita za tairi moja, mafundi wanaanza kuzipuuza zote. Kama sistimu ina uwezo wa kuunganisha na oda iliyo wazi, washa. Kama haina, weka swali la kwanza kwenye fomu linalomuonesha mkaguzi kasoro zilizo wazi, aseme bado ipo au imeongezeka.

Baada ya kuwasha

Usiwashe kwa vifaa vyote siku moja. Chagua kundi la vifaa kama 20 na wakaguzi wawili watatu, wape wiki tatu, kaa nao wakijaza. Utabadilisha karibu nusu ya maswali, ndio maana unaanza na 20.

Ruhusa ya kuongeza kategoria ibaki kwa watu wawili, mmoja na wa kumshikia akiwa hayupo. Wengine waombe. Sio kwa ukubwa, ni kwamba zile sitini nilizorithi ziliongezwa moja moja na watu wenye nia nzuri waliokuwa na haraka.

Kategoria iliyowahi kutumika usiifute hata siku moja. Sistimu nyingine ukifuta inaondoka na rekodi zake, nyingine zinaacha rekodi zikiwa hazina kategoria, zote mbili ni hasara. Izime tu, isionekane kwenye kuchagua, historia ibaki. Ukitaka kuunganisha mbili, toa data zote kwenye CSV (faili ya jedwali inayofunguka kwenye Excel) kwanza na uhifadhi hiyo faili pembeni, tengeneza safu ya kategoria ya zamani na ya mpya, hamisha ratiba zilizo hai, zima ya zamani. Fanya mwanzoni mwa mwezi ili ripoti isikatike katikati. Na ukibadilisha swali la fomu, usibadilishe maana yake huku namba ya swali ni ile ile, swali la 4 lililokuwa la breki likigeuka kuwa la taa, grafu ya mwaka mzima inakuwa haina maana. Lizime la zamani, ongeza jipya.

Kila miezi mitatu nafungua ripoti na kuangalia vitu vichache. Kategoria ipi ina "hakikufikiwa" nyingi, hapo kuna tatizo la funguo au la muda. Kasoro zipi ziko wazi zaidi ya siku 30 na ziko kwa nani. Kaguzi zimechukua muda gani, vifaa 25 vikikaguliwa ndani ya dakika nne na viko majengo tofauti, mtu kajaza akiwa amekaa. Na kategoria ipi haijawahi kufeli hata mara moja tangu mwaka uanze, hiyo naichapisha fomu yake, namtafuta anayeikagua, na tunaenda wote wawili kifaa kwa kifaa, yeye anasoma swali kwa sauti na mimi naangalia kama anachoulizwa kinaonekana pale aliposimama.